Maswali ya Wasomaji: Mvinyo Mwekundu wa Mchanganyiko Kutoka Shamba la Familia Nchini Italia

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mwenzangu kazini alirudi kutoka Firenze akaniletea zawadi ya chupa ya mvinyo mwekundu. Kwenye lebo ya mbele kuna jina la ukoo, picha ya nyumba ya mawe, neno "Rosso", mwaka wa mavuno na maneno "Toscana IGT". Sikuona jina la zabibu mpaka nilipoigeuza chupa, na nyuma yake nikasoma majina matatu: Sangiovese, Cabernet Sauvignon na Merlot. Rafiki yangu mmoja, ambaye sote humsikiliza katika mambo haya, anasema kwamba mvinyo wa kuchanganya hutengenezwa kwa mabaki ya mapipa, na kwamba mvinyo wa kweli hutokana na zabibu za aina moja tu. Je, asemayo ni sahihi? Tena, hilo jina la familia lina uzito wowote, au limewekwa kwa ajili ya kuvutia mnunuzi tu?

JIBU

Ndugu Msomaji,

Nakushukuru kwa swali lako, na nimefurahi zaidi kwamba uliigeuza chupa, kwa kuwa lebo nyingi za Italia huweka mbele fahari ya ukoo na kuziacha nyuma habari zenyewe. Rafiki yako amekosea, ingawa kosa lake lina asili inayoeleweka. Iko mivinyo ambayo hukusanywa kutoka kwenye matangi ya watengenezaji mbalimbali ikamiminwa pamoja ili kasoro ya mmoja ifunikwe na mwingine. Huko ni kuchanganya kwa kuficha, na hakufanani hata kidogo na kazi ya mkulima anayechanganya zabibu alizozipanda, akazipogoa na kuzivuna mwenyewe akijua kila safu ilivyozaa. Toscana, mkoa ulikotoka mvinyo wako, ina desturi ndefu ya kazi hiyo, na Chianti, ambao ndio mvinyo wake unaojulikana kuliko yote, umekuwa mchanganyiko kwa sehemu kubwa ya historia yake.

Asili ya jambo hili iko shambani. Hadi katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya ardhi ya Toscana ililimwa kwa mfumo ulioitwa mezzadria, ambapo mkulima aliishi na jamaa yake katika shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno, kwa desturi nusu kwa nusu. Mkulima wa namna hiyo hakuthubutu kuutegemeza mwaka mzima juu ya zao moja. Palikuwa na ngano, mizeituni na mizabibu katika shamba lile lile, na katika mizabibu yenyewe aina kadhaa zilisimama bega kwa bega. Iliyochipua mapema ikiunguzwa na baridi, iliyochelewa ilisalimika. Mvua za vuli zikiozesha yenye ganda jembamba, yenye ganda nene ilibaki. Mwisho wa yote, mavuno yaliingia katika pipa moja. Kwa hiyo mchanganyiko ulikuwa kwanza kinga ya mkulima, na baadaye ndipo watu walipoanza kuuchunguza kwa ulimi.

Mchunguzi aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Baroni Bettino Ricasoli, aliyekuwa Waziri Mkuu wa pili wa Italia iliyoungana. Alitumia miaka mingi katika ngome ya ukoo wake ya Brolio akijaribu zabibu moja baada ya nyingine, na mwaka 1872 alimwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Pisa kumweleza alichokipata. Sangiovese, kwa maelezo yake, ndiyo iliyoupa mvinyo harufu na nguvu. Canaiolo, zabibu nyingine nyekundu, iliupunguza ukali wa Sangiovese bila kuiharibu harufu hiyo. Na Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, ilifaa kwa mvinyo wa kunywewa mapema, wala haikufaa sana kwa ule uliokusudiwa kuwekwa miaka mingi. Tazama jinsi alivyopanga mambo: hakuna zabibu iliyotiwa ili kujaza pipa, bali kila moja imepewa kazi yake, na ile isiyo na kazi katika mvinyo wa kuwekwa imeachwa nje.

Kwa masikitiko, kanuni zilizotungwa mwaka 1967 kuulinda mvinyo wa Chianti ziliishika Malvasia na zikalisahau onyo. Ziliwalazimisha watengenezaji kutia zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30, na matokeo yake yalikuwa mivinyo mingi yenye rangi nyepesi na mwili hafifu, yaani uzito mdogo kinywani, isiyostahimili kukaa. Nadhani hisia ya rafiki yako dhidi ya mchanganyiko imetokana na mivinyo ya namna hiyo, nami simlaumu kwa alichokionja.

Hapo ndipo jina la familia linapoingia, na ndiyo maana siwezi kulitenga swali lako la pili na la kwanza. Ukoo wa Antinori umeshughulika na mvinyo tangu mwaka 1385, Giovanni di Piero Antinori alipojiunga na chama cha wafanyabiashara ya mvinyo cha Firenze. Katika vilima vya Chianti Classico, kiini cha kale cha eneo la Chianti, ukoo huo una shamba liitwalo Tignanello. Mavuno ya 1970 ya shamba hilo yalitolewa bado kama Chianti Classico, yakiwa na Canaiolo na kiasi kidogo cha zabibu nyeupe, lakini mwaka uliofuata Piero Antinori na mtaalamu wake Giacomo Tachis waliamua kuifuata ardhi yao badala ya kanuni. Mvinyo wa 1971 haukuitwa tena Chianti. Uliandikwa "vino da tavola", yaani mvinyo wa mezani, ambalo lilikuwa daraja la chini kabisa kisheria. Kuanzia mavuno ya 1975 zabibu nyeupe ziliondolewa zote, na tangu 1982 mchanganyiko umebaki karibu ule ule: Sangiovese yapata asilimia 80, Cabernet Sauvignon asilimia 15 na Cabernet Franc asilimia 5. Mvinyo ulioshushwa daraja ukawa miongoni mwa mivinyo inayotafutwa sana duniani.

Sheria ilichukua zaidi ya miaka 20 kuwafikia wakulima hao. Mwaka 1992 Italia iliunda daraja la Indicazione Geografica Tipica, ambalo kifupi chake ni hizo herufi IGT ulizoziona, ili mivinyo bora iliyo nje ya kanuni za zamani ipate mahali pa kukaa. Chianti Classico wenyewe ulizifungia mlango zabibu nyeupe kuanzia mavuno ya 2006. Basi usiichukue alama ya IGT kuwa ni dalili ya uduni. Inakuambia kwamba sehemu kubwa ya zabibu imetoka Toscana na kwamba mtengenezaji amejichagulia mchanganyiko wake, jambo ambalo daraja za DOC na DOCG, zilizo juu yake na zenye kanuni kali zaidi, humruhusu ndani ya mipaka myembamba zaidi.

Sasa niyaeleze majina matatu ya nyuma ya chupa yako. Kwanza, mpangilio wake si wa bahati. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, aina mbili au zaidi zikitajwa kwenye lebo, ni lazima mvinyo wote uwe umetokana na hizo zilizotajwa, nazo ziandikwe kwa kufuata wingi wake kuanzia kubwa. Kwa hiyo Sangiovese ndiyo yenye nyumba, na wengine wawili wamekuja kuisaidia. Sangiovese ina harufu ya cheri, ugwadu mwingi unaotoa mate, na ukakasi unaoshika ufizi kama chai iliyoachwa na majani yake muda mrefu. Lakini rangi yake si nzito, na katika miaka migumu huacha kama pengo katikati ya ulimi. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, na kwa kuwa rangi na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, hukaa kwenye maganda, huupa mvinyo wekundu wa kukolea na kiunzi cha kuusimamisha kwa miaka. Merlot huiva mapema kuliko zote mbili, na huleta unono unaolijaza lile pengo.

Kwa sababu haziivi pamoja, zabibu hizi kwa kawaida huvunwa kila aina kwa wakati wake, zikachachushwa katika matangi tofauti na kukaa kila moja katika mapipa yake. Mengi ya mapipa hayo ni yale madogo ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225. Kuchanganya hufanyika baada ya hapo, mezani. Fikiria meza yenye chupa ndogo za sampuli zilizoandikwa namba za mapipa, chombo cha kioo chenye mistari ya mililita, na bilauri nyingi kuliko watu waliokaa. Mtengenezaji humimina mililita 80 za Sangiovese, akaongeza 15 za Cabernet na 5 za Merlot, akazungusha, akanusa, akaonja, akatema, akaandika. Kisha huanza upya kwa 85, 10 na 5. Mililita tano zinaonekana si kitu mpaka uzionje: Cabernet ikizidi kidogo tu, harufu ya cheri huzimika na mahali pake hukaa harufu ya majani mabichi, na mvinyo wa Toscana huanza kufanana na mvinyo wa popote. Kazi hii yaweza kuchukua siku nyingi, na pipa ambalo halikufikia kiwango huachwa nje, likaenda katika mvinyo mwingine wa shamba au likauzwa bila jina la shamba. Mabaki anayoyasema rafiki yako, katika shamba linalojiheshimu, ndiyo yasiyoingia kwenye chupa.

Bila shaka atakutajia Barolo, unaotokana na Nebbiolo peke yake, na Brunello di Montalcino, unaotokana na Sangiovese peke yake. Ni mivinyo mikubwa, nami naipenda. Lakini Amarone della Valpolicella, unaotengenezwa hasa kwa Corvina na Rondinella zilizoanikwa kwa wiki nyingi kabla ya kukamuliwa, ni mchanganyiko. Na Sassicaia wa Bolgheri, kwenye pwani ya Toscana, ambao Mario Incisa della Rocchetta aliutengeneza kwa ajili ya meza ya nyumbani kwake kwa miaka mingi kabla mavuno ya 1968 hayajauzwa, ni mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc. Ubora haukai katika hesabu ya aina za zabibu.

Kuhusu jina la familia, nikuambie wazi: hakuna sheria inayopima undugu kwenye lebo. Jina la ukoo laweza kubaki kwenye chupa hata baada ya shamba kuuzwa, na kampuni yaweza kujitungia jina linalosikika kama la ukoo. Thamani ya familia iko katika muda. Mzabibu uliopandwa leo hautoi zabibu za maana kabla ya mwaka wa tatu, nao hukomaa polepole kwa miaka mingi baada ya hapo. Anayepanda akijua kwamba mwanawe ndiye atakayevuna huchagua tofauti na yule anayesubiri faida ya mwaka huu. Pale Tignanello, kwa mfano, mawe meupe ya chokaa yaitwayo alberese, yaliyotolewa humo humo ardhini, yamesagwa na kutandazwa chini ya mizabibu ili yarudishe mwanga na joto la jua kwenye vishada. Kazi kama hiyo hailipi haraka.

Usitazame jina pekee, basi. Tafuta maneno madogo ya nyuma. "Imbottigliato all'origine" yana maana kwamba mvinyo ulitiwa chupani kwa mzalishaji mwenyewe. "Azienda agricola" ni shamba linalolima zabibu zake. Maneno kama "castello" na "villa" yanalindwa na kanuni za Ulaya, na hayaruhusiwi isipokuwa zabibu zote zimetoka katika mizabibu ya miliki hiyo na mvinyo umetengenezwa humo. "Cantina sociale" ni ushirika wa wakulima wengi. Baadhi ya shirika hizo hufanya kazi nzuri sana, ila si shamba la familia moja. Ukiona tu kwamba mvinyo umetiwa chupani na kampuni fulani katika mji fulani, bila neno lolote juu ya mahali zabibu zilipolimwa, ile picha ya nyumba ya mawe haikuambii kitu.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nilinunua chupa mbili za mvinyo mwekundu wa shamba lile lile la familia huko Toscana, lebo ni moja na majina ya zabibu ni yale yale, lakini moja ni ya mavuno ya 2017 na nyingine ya 2018. Nilizifungua wiki moja, na nilishangaa kuona hazifanani. Ya kwanza ni nzito na inaunguza kidogo kooni. Ya pili ni nyepesi na yenye ugwadu zaidi. Je, nimeuziwa bidhaa bandia?

JIBU

Ndugu Msomaji,

Sioni dalili yoyote ya udanganyifu katika maelezo yako, na kwa kweli ningeshuku zaidi kama zingefanana kabisa. Mwaka 2017 ulikuwa mgumu Toscana. Mwezi wa Aprili baridi kali ilipiga machipukizi, kisha likafuata joto kubwa na ukame wa kiangazi. Punje za zabibu zikikosa maji hubaki ndogo, sukari yake hujikusanya, na kwa kuwa hamira huigeuza sukari kuwa kileo, mvinyo hutoka na kileo kingi na ukakasi mwingi, huku ugwadu ukipungua kwa sababu ya joto. Mwaka 2018 mvua za majira ya kuchipua zilikuwa za kutosha, mizabibu ilikunywa vizuri, na mivinyo mingi ilitoka na mwili mwepesi zaidi. Hebu linganisha asilimia ya kileo kwenye lebo zote mbili. Huenda jibu limechapishwa hapo.

Katika miaka kama hiyo ndipo mchanganyiko unapoonyesha faida yake. Merlot huteseka sana katika ukame, kwa hiyo mtengenezaji aweza kuipunguza mwaka mmoja na kuiongeza mwaka mwingine, mradi tu asivuke kanuni za daraja lake. Majina yale yale kwa mpangilio ule ule hayana maana ya vipimo vile vile. Familia zinazotunza daftari za mavuno ya miaka mingi huwa na kitu cha kutazama zinapofika mezani: baba alifanyaje mwaka ule mvua ilipokosekana, na mvinyo huo ulionjekaje miaka 10 baadaye. Nakushauri ununue tena chupa ya 2018 ukaiweke, kwa kuwa ugwadu uliouona kama upungufu ndio huusaidia mvinyo mwekundu kukaa.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Chupa yangu ya mvinyo mwekundu wa Toscana ina miaka kumi. Nilipoiinua niliona kitu cheusi kimeganda ubavuni. Je, imeharibika? Naomba pia unielekeze jinsi ya kuiandaa kwa ajili ya wageni.

JIBU

Ndugu Msomaji,

Hayo ni mashapo, yaani rangi na tanini zilizoungana kwa miaka na kushuka, nayo hayana madhara isipokuwa uchungu na uchangarawe kinywani. Isimamishe chupa siku moja kabla ya wageni kufika ili yashuke chini kabisa. Ifungue bila kuitikisa, kisha uimimine polepole katika jagi safi la kioo huku taa ikiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Mara uonapo uzi mweusi unakaribia shingoni, acha kumimina, hata kama kimebaki kiasi cha vidole viwili.

Uandae mvinyo ukiwa na nyuzi kati ya 16 na 18 za Selsiasi. Watu wengi hudhani mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba chochote, lakini ukizidi nyuzi 20 kileo hupanda puani na cheri yote ya Sangiovese hupotea. Chumba kikiwa na joto, weka chupa kwenye jokofu kwa dakika 20 hivi kabla ya kuifungua, nayo ikae wima humo pia. Mvinyo wa miaka kumi hauhitaji kukaa wazi saa nyingi: nusu saa ndani ya jagi yatosha, kisha onja kidogo kabla ya kuwamiminia wageni. Ukinusa harufu ya kadibodi iliyolowa maji, kizibo ndicho kilichouharibu, na hakuna muda wa kusubiri utakaouponya. Fungua chupa nyingine.